Kulala Juu ya Nanga

Watu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tunaishi ndani ya boti ya matanga, huuliza habari za safari: mmefika wapi, mawimbi yalikuwaje, hamkuogopa? Karibu hakuna anayeuliza tunalalaje. Kwangu hilo ndilo swali kubwa. Katika mwezi mmoja tunasafiri siku nne au tano tu. Siku zilizobaki chombo kimetia nanga nyuma ya kisiwa, nasi tunapika, tunafua, tunashona tanga lililochanika, tunalala. Wakati wote huo kinachotuzuia tusiende kugonga mwamba ni nanga ya kilo 20 iliyojifukia mchangani, na mnyororo usiozidi unene wa kidole.

Nitaeleza jinsi jambo hilo linavyofanya kazi kwenye pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mafia. Nimechagua huku kwa sababu ndiko ninakokujua, na pia kwa sababu miongozo mingi wanayoisoma mabaharia wa boti za matanga imeandikwa kwa kufikiria Karibi au Mediterania, ambako sehemu nyingi tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Kwetu tofauti hiyo hufika mita 4. Kanuni ya nanga ni ileile, lakini ukiitumia huku bila kuongeza hesabu ya maji, utaamka umekaa juu ya matumbawe.

Upepo, na sababu ya miji kukaa magharibi

Pepo zetu kuu ni mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi huingia pamoja na masika, Aprili au Mei, ikapamba moto Juni hadi Agosti wakati wa kipupwe, kisha ikalegea kuelekea demani. Katikati upepo hauna mwenyewe, leo unatoka huku na kesho kule, na kipindi hicho wazee walikiita tanga mbili. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi, na mpaka leo boti ya matanga inayojua inachofanya hufuata ratiba hiyohiyo.

Sasa angalia majina yanavyoficha jambo. Kusi haitoki kusini hasa, hutoka kusini-mashariki. Kaskazi nayo hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Kwa hiyo kisiwa kilicholala kutoka kaskazini kwenda kusini, kama Unguja au Pemba, hukinga upande wake wa magharibi karibu mwaka mzima. Chukua ramani utazame: Mji Mkongwe uko magharibi ya Unguja. Wete, Chake Chake na Mkoani ziko magharibi ya Pemba. Kilindoni iko magharibi ya Mafia. Waliochagua sehemu hizo walikuwa wanatafuta mahali chombo kinapoweza kulala.

Lakini kukingwa na upepo si kukingwa na mawimbi. Mawimbi mazito yanayotoka mbali hupinda yakifika kwenye ncha ya kisiwa na kuzunguka hadi upande wa pili. Boti iliyo juu ya nanga hugeuza omo, yaani upande wake wa mbele, kuelekea upepo, wakati mawimbi hayo yanaingia ubavuni, na usiku kucha kitanda kinakumwaga huku na huku na sahani zinagongana kabatini. Mara mbili tumeng'oa nanga asubuhi kutoka mahali ambapo kwenye ramani palionekana pazuri kabisa, kwa sababu hiyo tu. Tukasogea nusu maili ndani zaidi ya ghuba, nyuma ya fungu la mchanga, maji yakawa kama ya kwenye beseni.

Tanga mbili ndiyo inayohitaji macho zaidi. Upepo mkuu ukilegea, joto la mchana juu ya kisiwa huanza kuvuta hewa kutoka baharini, hata kutoka magharibi. Ufuo uliokuwa kimbilio tangu asubuhi unakuwa nyuma yako, nawe unasukumwa kuuelekea. Si upepo mkali, na kwa kawaida hufa jua likizama, ila mtu asiyeutarajia anakuwa ameegesha boti karibu mno na nchi.

Maji

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa bamvua ni nini, lakini wa bara naye anasoma, kwa hiyo nitaeleza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi hukaa kwenye mstari mmoja, na bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua, na hapo ndipo tofauti ya mita 4 inapopatikana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inapunguzana nguvu na tunapata maji mafu, ambapo tofauti hushuka hadi mita moja na kidogo. Kati ya maji kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku wakati wake unasogea mbele kwa dakika kama 50.

Kwenye pwani yetu kuna bahati moja ambayo wavuvi wanaitumia bila hata kuitaja. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Haijalishi ni mwezi gani wa mwaka. Baada ya wiki moja, zile dakika 50 za kila siku zimekusanyika zikawa saa sita, na mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Ukiutazama mwezi angani umeshajua saa ya maji, na bila kitabu chochote.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawanya kimo chote katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Katika bamvua la mita 4 maana yake ni kwamba saa mbili za katikati peke yake hupandisha mita 2 nzima. Ukishuka pwani kununua nyanya na vitunguu ukakaa saa mbili, kijiboti chako cha mpira ulichokiacha ukingoni kinaelea mbali, au kama maji yalikuwa yanapwa, kiko mita mia moja kutoka kwenye maji nawe unakibeba kwenye tope.

Sasa turudi kwenye nanga.

Wengi wanadhani nanga inashika kwa uzito wake. Kilo 20 haziwezi kuzuia boti ya tani 8 isukumwe na upepo. Nanga inashika kwa kuchimba: ulimi wake unaingia ardhini kama jembe, na kadiri unavyovutwa kwa usawa wa ardhi ndivyo unavyozidi kuzama. Neno la kushika hapo ni usawa. Ukiivuta kuelekea juu, unaing'oa, na hivyo ndivyo unavyoing'oa makusudi ukitaka kuondoka. Kazi ya mnyororo mrefu ni kuhakikisha kwamba mvuto unafika kwenye nanga ukiwa umelala. Kwa mnyororo mtupu, bila kamba, kipimo kinachotumika ni mara tano ya kina, na zaidi upepo ukiwa mkali, kwa sababu nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili: upepo wa noti 30 (noti ni maili ya baharini kwa saa) hausukumi mara mbili ya noti 15, husukuma mara nne.

Mara tano ya kina kipi? Hapo ndipo watu wanapopotea, na sisi tulipotea msimu wetu wa kwanza. Tulifika nyuma ya kisiwa saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kipimo kilionyesha mita 5. Mara tano ni 25, tukatoa mita 25 za mnyororo, tukaivuta nanga kwa injini, ikashika, tukanywa chai. Alasiri maji yalijaa, upepo ulikuwa mdogo, hakuna kilichotokea. Usiku tukalala. Alfajiri, maji yakiwa yamejaa tena, kusi ikaamka.

Nilichosikia kwanza ni mngurumo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anaburuta gunia la kokoto kwenye sakafu ya chumba cha chini, unaacha, unaanza tena. Sauti ya mnyororo unaokwaruza ardhi inapanda juu kupitia chuma na kuingia kwenye ubao nilioulalia. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa boti nikauhisi mtetemo. Nilipotoka nje, taa ya kijiji niliyoiacha kushoto ilikuwa kulia. Tulikuwa tunakwenda kinyumenyume, polepole, kwa utulivu, kuelekea weupe wa mawimbi yanayovunjika.

Injini iliwaka mara ya kwanza, ndiyo maana ninaandika haya nikiwa bado na boti. Kosa letu linaonekana ukiliandika: mita 5 tulizopima zilikuwa za maji yaliyopwa. Ongeza mita 4 za bamvua. Ongeza mita 1 na robo, kimo cha omo kutoka majini, kwa sababu mnyororo unaanzia pale juu na si kwenye uso wa maji. Jumla ni mita 10 na ushei. Mara tano ni zaidi ya mita 50. Sisi tulikuwa na 25, yaani mara mbili na nusu, na nanga ilikuwa inavutwa kuelekea juu.

Hesabu ina upande wa pili. Ukitia nanga maji yakiwa yamejaa, kwenye mita 6 unazoziona nyingi, baada ya saa sita umebaki na mita 2. Mkuku wetu, yaani uti wa chini wa boti, unazama mita 1.8. Sentimita 20 ni chache hata kama maji yametulia, na mawimbi kidogo tu yanakugongesha. Kwa hiyo kila tunapofika mahali tunafanya hesabu mbili, ya maji yatakapojaa ili kujua urefu wa mnyororo, na ya maji yatakapopwa ili kujua kama tutaelea. Nazo zinafanywa kwa eneo lote boti itakalozunguka, si kwa pale ilipo sasa. Mnyororo wa mita 50 na boti ya mita 11 vinachora duara lenye upana wa zaidi ya mita 100. Katika duara hilo kusiwe na mwamba, wala boti ya mtu mwingine, wala dema, mtego wa samaki wa mvuvi.

Na kuna kukwama. Ukikwama wakati maji yanajaa, unangoja nusu saa unaelea. Ukikwama wakati yanapwa, unangoja saa kadhaa ukiwa umelala ubavu. Lakini ukikwama kwenye kilele cha bamvua, maji yamejaa mwisho wa kujaa kwake, kila siku inayofuata maji yatafika chini kidogo kuliko jana. Utakaa hapo hadi bamvua lijalo, karibu wiki mbili. Mafundi wa majahazi waliitumia siri hiyohiyo kwa faida: walipandisha chombo pwani siku za bamvua, kikaachwa mchangani, wakakikalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, na kukipaka sifa (mafuta ya papa) na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) bila haraka. Sisi nasi huegemeza boti kwenye mchanga kati ya maji mawili ili kukwangua viumbe wenye magamba wanaong'ang'ania chini. Tunafanya hivyo siku mbili tatu kabla ya kilele cha bamvua, tusifanye baada yake.

Saa ya kuingia

Matumbawe huwezi kuyaona kwa chombo cha kielektroniki. Kipimo cha kina kinakueleza kilicho chini ya mkuku, wakati mwamba unaokusubiri uko mbele. Ramani za kidijitali zina msaada, lakini upimaji mkubwa wa kwanza wa pwani hii ulifanywa na meli za Kiingereza chini ya Kapteni William Owen miaka ya 1820, kwa kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kina, na kuna hori, mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, ambazo nimeingia huku skrini ikinionyesha niko katikati ya mikoko. Ukiwa kati ya visiwa, chombo cha kuaminika ni jicho, na jicho linahitaji jua.

Jua liwe juu, na liwe nyuma yako. Hapo maji yanafunguka: buluu nzito ni kilindi, feruzi ni mchanga wa mita chache, kijani kilichofifia kinachokaribia njano ni fungu, kahawia ni matumbawe au majani. Mmoja wetu anasimama omo amevaa miwani ya jua, mwingine yuko kwenye usukani, na tunazungumza kwa mikono. Hatupigi kelele. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na nimeona ndoa zikitetereka kwa kelele za kutia nanga. Jua likiwa mbele yako, saa kumi na moja jioni unapokwenda magharibi, bahari yote ni sahani moja ya fedha na mwamba wa nusu mita hauonekani kabisa.

Sasa unganisha jua na maji. Siku za bamvua maji yanapwa saa nne asubuhi kisha yanapanda hadi saa kumi alasiri. Saa sita hadi saa nane mchana jua liko utosini, miamba mingi bado haijafunikwa sana hivyo unaiona, na maji yanajaa, kwa hiyo ukigusa utaelea. Hakuna wakati bora zaidi wa kuingia mahali usipopajua. Siku za maji mafu ni kinyume: jua likiwa utosini maji yanapwa. Kwa sababu hiyo sisi hupanga safari za kwenda sehemu mpya zikutane na bamvua, na maji mafu tunayatumia kukaa tunapopajua, kukarabati, au kufanya safari ndefu za nje.

Katika milango ya bahari, kama ule wa kuingilia Ghuba ya Chole upande wa mashariki wa Mafia, bamvua lina gharama yake, maana maji mengi yanapita mahali pembamba na mkondo unakuwa na nguvu. Hapo unangoja maji yasimame kwanza. Upande wa magharibi wa Mafia una shida nyingine kabisa: mto Rufiji unamwaga tope lake ng'ambo, maji hayana uwazi, na ustadi wote wa kusoma rangi haukufai kitu. Unakwenda taratibu, unapima.

Ardhi

Visiwa vya matumbawe vina tabia ya kukatika ghafla. Pemba imetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na kwenye kisiwa cha Mesali mwamba unashuka kama ukuta. Unaweza kuwa na mita 3 chini ya omo na mita 40 chini ya tezi, upande wa nyuma. Mita 40 mara tano ni mnyororo ambao hakuna boti ndogo inayoubeba. Kinachotafutwa ni kipande cha mchanga, mita 5 hadi 10, kikubwa cha kutosha kwa lile duara, na mara nyingi vipande hivyo havizidi viwili vitatu katika kisiwa kizima.

Na si kila kinachoonekana ni mchanga. Kaskazini-magharibi ya Pemba, ndani ya Mlango wa Njao, tulikuwa tumeshatia nanga na kuzima injini wakati mzee mmoja alipotukaribia kwa mtumbwi, jua linakaribia kuzama.

"Hodi chomboni!"

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mnalala hapa?"

"Tunalala, mzee, inshallah."

Akatazama mnyororo unapoingia majini, akatazama maji. "Nanga yenu imekaa penye majani. Hapo haishiki."

Mume wangu akamwambia tumeshaivuta kwa injini na haikusogea.

"Majani yana mizizi, hukudanganya kwanza. Kusi ikiamka usiku mtajikuta kule." Akanyoosha kafi kuelekea mikokoni. "Sogeeni pale maji yalipo meupe. Pale mchanga mtupu."

Nilivaa miwani ya kuogelea nikazama. Nanga ilikuwa imelala juu ya zulia la majani ya bahari, ncha yake imenasa kwenye mizizi kama kulabu kwenye nguo. Ilikuwa haijaingia ardhini hata inchi. Mvuto wa injini ulikuwa wa moja kwa moja, na mizizi iliuvumilia. Mvuto wa usiku ungekuwa wa kushtuashtua, mizizi ingekatika mmoja mmoja, na zulia zima lingefumuka. Tukasogea. Hii ni neema ya bahari ya joto, kwamba unaweza kushuka ukaitazama nanga yako kwa macho yako mwenyewe, na tangu siku hiyo sijalala kabla ya kufanya hivyo.

Tope zito la kwenye hori, karibu na mikoko, hushika vizuri kuliko hata mchanga, ila linapanda na harufu yake na linataka ndoo kumi za maji kuliosha. Matumbawe yanashika mno, na hapo ndipo ninapoomba kila mwenye boti anisikilize. Nanga iliyonasa kwenye tumbawe haishiki tu, inalivunja. Mnyororo unaozunguka usiku mzima kwa kila badiliko la mkondo unasaga kila kilicho ndani ya duara. Matumbawe magumu mengi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na yale yenye umbo la kichwa hukua kwa milimita. Kichwa cha tumbawe chenye upana wa meza huenda kilianza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa. Kisiwa cha Chumbe kilifanywa hifadhi mwaka 1994 na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikaanzishwa 1995. Katika sehemu kama hizo ukikuta boya limewekwa, funga kamba hapo, na kama hakuna ruhusa ya kukaa, ondoka.

Tena kuna mashamba. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaokifanya zaidi ni wanawake. Maji yakipwa siku za bamvua utawaona wamesambaa kwenye mchanga, wameinama, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi. Saa nne baadaye kila kitu kimefunikwa. Mgeni anaingia na boti yake alasiri, anaona feruzi safi, anapita, na rafadha, panga linalozunguka la injini, inakata safu nzima. Yeye hajui amefanya nini. Mwenye shamba atajua kesho yake maji yatakapopwa. Kuna pia vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga vipande vya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na alama yake inaweza kuwa dumu la plastiki linaloelea tu. Njia ya kujua ni kushuka, kuamkia watu, kuuliza. Mimi naona ni deni: tunalala mbele ya nyumba za watu.

Mengine ya nyumbani

Maisha ya ndani yanafuata mambo hayohayo. Maji ya kunywa na kupikia tunabeba lita 350, na tukioga kwa chumvi kisha tukajisuuza kwa kikombe, watu wawili tunafika wiki tatu. Wakati wa masika tunatandaza turubai na kujaza matangi kwa usiku mmoja. Umeme ni wa jua, na mlaji mkubwa ni friji, kwa hiyo samaki tunakula siku hiyohiyo au tunamkausha. Kila asubuhi nafunua ubao wa chini kutazama ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwetu si methali tu: maji yakiongezeka pale, kuna kitu kinavuja, na unataka kukijua kabla ya mchana.

Karatasi zinahitaji subira. Kutoka nchi moja kwenda nyingine unaingia kwanza kwenye bandari rasmi, kama Mombasa, Tanga, Zanzibar au Mtwara, bendera ya njano ikiwa juu, na hushuki mpaka afya, uhamiaji na forodha wamalize. Huwezi kukatiza kwenye kisiwa kizuri njiani.

Kuhusu vimbunga, tuna kinga ya sehemu. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kijisokote, na karibu na ikweta nguvu hiyo haipo. Kwa kawaida vinaanza kuundwa kuanzia nyuzi 5 hivi kutoka ikweta. Lamu na Kilifi ziko ndani ya ukanda huo tulivu. Pemba iko ukingoni. Mafia, kwenye nyuzi 8, haiwezi kujiita salama: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliifikia, na mwaka 1952 kimoja kilipiga Lindi. Komoro, Mayotte na kaskazini ya Madagaska ziko njiani kabisa. Kenneth ilipita Komoro Aprili 2019, na Chido ikaivunja Mayotte Desemba 2024. Msimu ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo boti zilizokaa Nosy Be, kisiwa cha kaskazini-magharibi ya Madagaska, au Komoro wakati wa kusi zinatakiwa ziwe zimeondoka kufikia mwisho wa Oktoba.

Anayetaka kupanda kaskazini aje na mkia wa kusi, Septemba au Oktoba. Mkondo wa sehemu kubwa ya pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4, unakubeba bure. Akichelewa hadi kaskazi ianze, atakuta upepo unatoka mbele na mkondo unaupiga upepo huo kwa chini, na bahari ya Mlango wa Pemba inasimama wima, mawimbi mafupi yasiyokupa nafasi ya kupumua. Na anayetaka kushuka kusini katikati ya kusi, boti yake ikienda noti 5 dhidi ya mkondo wa 3, atakuwa anatazama mnara uleule wa taa kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mabaharia wa zamani walipaka mafuta mgando chini ya bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, ili ikipanda ilete chembe za ardhi na wajue ni mchanga, tope au mwamba. Sisi tunatazama nanga yenyewe inapong'olewa. Kilichoganda kwenye ulimi wake kinasema usiku ulikuwa wa namna gani, na kabla hatujaiosha naandika kwenye daftari. Asubuhi ile ya Pemba niliandika hivi: Njao. Mchanga mweupe, mita 6 maji yakiwa nusu. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Kusi noti 18, usiku zaidi. Mnyororo mita 55, haikusogea. Majani upande wa kusini, usitie huko. Tulielekezwa na mzee mwenye mtumbwi wa buluu. Tukirudi, tumpelekee nailoni ya mshipi.